Kupanua mpaka wa eneo la turathi na kulibadilisha jina kisheria: mwongozo kamili kwa Lamu na Malindi

Ukimuuliza Muamu, yaani mtu wa Lamu, mji wa kale unaishia wapi, atakuonesha kwa mkono: kutoka huku Mkomani mpaka kule Langoni, na mbele ni bahari. Sheria haioneshi kwa mkono. Mji wa Kale wa Lamu uliingia kwenye orodha ya turathi za dunia mwaka 2001 ukiwa na hekta 15.6, yaani eka 38 na nusu hivi. Hesabu hiyo haina Shela ndani yake, haina vilima vya mchanga vinavyohifadhi maji matamu ya visima, wala mikoko ya Manda unayoiona ukisimama gatini. Gede nako, kusini ya Malindi, watu wana jina moja na orodha ya dunia ina jina lingine.

Mwongozo huu ni wa kamati za mitaa, wawakilishi wadi, maafisa wa mipango na yeyote anayetaka mpaka wa eneo lililolindwa usogee, au jina libadilike, na mabadiliko hayo yasimame hata yakipelekwa mahakamani. Jambo moja litarudi kila hatua: jedwali la mipaka (maelezo ya mstari yanayochapishwa ndani ya tangazo), ramani na ardhi yenyewe lazima viseme neno moja. Kazi nyingi za aina hii huanguka hapo, kabla hata siasa haijaingia.

Anza na karatasi, mkutano baadaye

Pata nakala ya tangazo la kwanza katika Gazeti Rasmi la Serikali. Unahitaji nambari ya tangazo, tarehe, sheria iliyotajwa, maneno ya jedwali na nambari ya ramani kama ipo. Magazeti ya zamani yanasomeka bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Usipoona, nenda ofisi ya Makavazi ya Kitaifa ya eneo lako uombe faili. Lamu ilitangazwa turathi ya kitaifa mwaka 1986, enzi za Sheria ya Mambo ya Kale iliyofutwa na Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006. Gede ni kongwe zaidi: ilianza kulindwa 1927, ikafanywa hifadhi ya taifa 1948, kisha ikaingia mikononi mwa Makavazi mwaka 1969. Mahali penye matabaka kama hayo, usishangae kukuta karatasi tatu zenye maeneo matatu. Ziweke zote mezani. Tangazo jipya lisipotaja kwa nambari lile linalobadilishwa, unaishia na mipaka miwili iliyo hai kwa wakati mmoja, na wakili wa mpinzani atachagua ule mdogo.

Kisha ardhi. Chukua ramani ya usajili ya eneo unalotaka kuongeza, andika nambari ya kila kiwanja kilichomo au kinachoguswa na mstari, halafu fanya sachi rasmi, yaani upekuzi wa rejista, ya kila kimoja kwa msajili wa ardhi. Tengeneza jedwali lako: nambari ya kiwanja, mwenye hati, ukubwa, rehani au zuio lililopo, kesi kama iko, na nani anakaa hapo leo. Safu hiyo ya mwisho huku pwani ndiyo yenye moto. Viko viwanja ambavyo mwenye hati hajaonekana miaka mingi na wanaokaa juu yake, wengine kizazi cha tatu, hawana hata karatasi. Ukiwahesabu wenye hati peke yao, mkutano wa kwanza utavunjika na utakuwa umestahili kuvunjika.

Wakfu uuandike mbali. Msikiti, makaburi, kisima, hata duka la Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, linaweza kuwa mali ya wakfu, na mali hiyo haiuzwi wala haigeuzwi matumizi kwa urahisi. Zungumza mapema na msimamizi wake na Tume ya Wakfu. Wakfu kuwa ndani ya eneo lililolindwa si tatizo. Tatizo ni kuwafanya wasimamizi wake wasikie habari kwenye kipaza sauti.

Chagua njia kabla ya kuandika

Watu wengi husema "tunataka sheria" ilhali wanachohitaji ni tangazo la Waziri. Tazama kwanza nani ana mamlaka. Jedwali la Nne la Katiba limeziweka turathi za kale zenye umuhimu wa kitaifa upande wa serikali ya kitaifa, na mipango ya ardhi, upimaji na mipaka, pamoja na shughuli za utamaduni, upande wa kaunti. Kwa hiyo Bunge la Kaunti ya Lamu haliwezi kuusogeza mpaka wa turathi ya kitaifa hata likipitisha mswada kwa kura zote. Linaweza, lakini, kutunga sheria ya mipango inayobana ujenzi nje ya mpaka huo, na mara nyingi hilo ndilo linalohitajika.

Njia ya kwanza, na ya kawaida, ni kifungu cha 25 cha Sheria ya Makavazi na Turathi. Waziri, baada ya kushauriana na Makavazi, hutangaza mahali au jengo kuwa turathi pamoja na ardhi iliyo chini yake au inayopakana nalo inayohitajika kulitunza. Yasome maneno hayo ya mwisho mara mbili. Kila kipande unachoongeza kinatakiwa kiwe na sababu inayofungamana na matunzo: ukuta wa mji unapita hapo, maji ya mvua yanashuka kutoka hapo kuingia kwenye misingi, makaburi yanaendelea chini ya shamba hilo. "Panapendeza" si sababu. Vilima vya Shela, ambako ni mwendo wa kilomita tatu hivi kutoka mjini, ni vigumu kuviingiza kama ardhi inayopakana na mji; ni bora vipate tangazo lao, au vilindwe kwa sheria za maji na mipango.

Njia ya pili ni sheria ya kaunti. Mswada husomwa mara ya kwanza, huenda kamati, wananchi husikizwa, husomwa mara ya pili na ya tatu, kisha Gavana hupewa siku 14 kuuidhinisha au kuurudisha. Njia hii inafaa kwa ukanda wa kinga (eneo la nje ya mpaka linalowekewa masharti), urefu wa majumba, rangi na vifaa vya ujenzi, na majina ya mitaa na viwanja vya umma. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 pia inairuhusu kaunti kutangaza eneo maalum la mipango, na hilo ni la haraka kuliko kutunga sheria nzima.

Njia ya tatu ni Sheria ya Bunge la Kitaifa. Iache mpaka uwe na haja ya kitu ambacho sheria ya 2006 haitoi, mfano bodi ya pamoja ya Makavazi, kaunti na wakaazi yenye bajeti yake. Huna mbunge wa kuubeba mswada? Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni ili sheria itungwe, ibadilishwe au ifutwe. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, lisomeke vizuri, lisiwe na maneno yaliyokatwa na kuandikwa juu. Liseme umeshakwenda kwa nani kabla na akakujibu nini, liseme kama jambo liko mahakamani au la, na limalizie kwa sala moja iliyo wazi: unaomba nini kifanywe. Sahihi au dole gumba. Wakili si lazima. Maombi hukwama kwa sababu ya ile sala. Mtu huandika kurasa nne za historia ya Waswahili, akafika mwisho bila kuomba kitu.

Mstari wa mpaka

Hapa ndipo pa kutumia muda na pesa. Mpaka mzuri unafuata vitu ambavyo kila mtu anaviona: ukuta, njia ya umma, ukingo wa kiwanja kilichosajiliwa. Ukikata kiwanja katikati, lazima kigawanywe na kupimwa upya, au umwachie mwenyewe nyumba moja yenye sheria mbili, sebule ikihitaji kibali na jiko lisilohitaji. Ukiona mstari unapita juu ya nyumba, usogeze.

Mwajiri sovea (mpima ardhi) aliye na leseni, na mwambie tangu siku ya kwanza mfumo wa vipimo unaotaka. Ramani nyingi za Kenya ziko kwenye mfumo wa Arc 1960, ukanda wa 37 kusini. Ramani za viwanja vya zamani zipo za mfumo wa Cassini. Simu yako na kifaa cha GPS vinasoma WGS84. Nukta ileile ikisomwa kwa WGS84 na kuchorwa juu ya ramani ya Arc 1960 bila kugeuzwa inahama mita 300 hivi, zaidi kwenye mhimili wa kaskazini na kusini. Kwa mji mwembamba uliolala kando ya bahari kama Amu, mita 300 ni mtaa mzima. Basi jina la mfumo liandikwe kwenye jedwali lenyewe. Kuliacha pembeni ya ramani pekee hakutoshi.

Kosa la pili ni dakika na desimali. Lamu iko nyuzi 2 na dakika 16 kusini ya ikweta. Karani akiandika 2.16 badala ya 2.267, ameupeleka mji kilomita 12 kaskazini. La tatu ni hekta na eka: hekta 15.6 zikichapwa "eka 15.6", umebakiwa na hekta 6.3, na gazeti la serikali halikosoi hesabu zako. Andika kipimo kimoja, hekta, na usiweke kingine kwenye mabano.

Ukubwa wenyewe ukokotoe mara mbili. Sovea atakupa wake kutoka kwenye programu; wewe chukua orodha ya nukta uiweke kwenye jedwali la kompyuta. Zidisha mashariki ya kila nukta kwa kaskazini ya nukta inayofuata, toa mashariki ya inayofuata mara kaskazini ya hii, jumlisha zote, gawa kwa mbili; alama ya kutoa ikitokea, iache. Majibu yakipishana zaidi ya asilimia moja, iko nukta iliyokosewa au iliyobadilishana nafasi na jirani yake. Hakikisha pia nukta ya mwisho inarudi kwenye ya kwanza. Mpaka usiofunga si mpaka.

Maneno ya jedwali yawe ya namna hii (vipimo ni vya mfano; bikoni ni alama ya mpaka iliyosimikwa ardhini):

"Kuanzia bikoni A1 iliyoko kona ya kaskazini-magharibi ya ukuta wa makaburi, kutoka hapo kwa nyuzi 92, mita 140, hadi bikoni A2, kutoka hapo kwa kufuata upande wa kusini wa njia ya umma hadi bikoni A3 iliyoko alama ya maji kujaa, kutoka hapo kwa kufuata alama hiyo kuelekea kusini hadi bikoni A4, na kutoka hapo kwa nyuzi 271, mita 155, hadi bikoni A5, kisha kurudi A1. Maelezo haya yakitofautiana na ramani, ramani ndiyo itakayofuatwa."

Sentensi ya mwisho msiisahau. Bila hiyo, jedwali na ramani zikipingana hakimu ndiye atakayekuamulia.

Bahari ina mambo yake. "Ufukweni" halina maana kisheria, kwa sababu bamvua na maji mafu hayafiki pamoja, na kati ya kujaa na kupwa kwa bamvua bahari ya huku hupanda na kushuka mita tatu na zaidi. Taja alama ya maji kujaa au alama ya maji kupwa. Ardhi iliyo kati ya alama hizo mbili ni ya umma chini ya kifungu cha 62 cha Katiba, kwa hiyo ukiishusha mipaka mpaka maji kupwa humlipi mtu fidia, ila utawakuta wavuvi, mamlaka ya bandari na wenye magati, na kila mmoja ana neno. Malindi imeshaonesha kwa nini upande wa maji usiachwe nje: mwamba chini ya Nguzo ya Vasco da Gama umekuwa ukiliwa na mawimbi, na mpaka unaoishia kwenye nguzo haukupi nguvu juu ya kile kinachoibomoa.

Mikoko nayo ina mwenyewe. Mikoko ya pwani ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932, na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Ukiichora ndani ya mpaka wako bila maandishi ya Shirika la Misitu, umeunda mabwana wawili wa mti mmoja, na mkata boriti atapigwa faini na wa kwanza atakayemkuta. Pateni hati ya makubaliano kabla ya tangazo: nani anatoa kibali, nani anakagua.

Tena, andika haki za wanaotumia mahali. Watu wa Shela huvuka kwenda Takwa, kisiwani Manda, kuomba dua ya mvua penye lile kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 Hijria. Maneno "hairuhusiwi kuingia bila tiketi" yakiandikwa hivihivi, mmewafungia wenyewe. Kifungu kimoja kinatosha: matumizi ya ibada, ziara za makaburi, kuteka maji na kupita kwenda baharini yaliyokuwapo kabla ya tangazo yanaendelea.

Mwenye nyumba atakuuliza nini

Atauliza kama nyumba inachukuliwa. Jibu ni hapana: kutangaza si kutwaa. Hati inabaki jina lake, anarithisha, anauza, anapangisha. Kinachobadilika ni kwamba hawezi kubomoa, kuongeza ghorofa au kugeuza sura ya jengo bila kibali. Mpe orodha ya vitu vya kila siku na jibu la kila kimoja. Kupaka chokaa, kubadilisha boriti iliyooza kwa boriti, kuziba dari inayovuja: elezeni kama yanataka barua au taarifa tu. Kupiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe: mkataze hata kama sheria ingemruhusu, kwa kuwa saruji hufungia unyevu ndani na chumvi huupasua ukuta kutoka tumboni, vidaka vikianza kumeng'enyuka baada ya misimu michache.

Serikali ikitaka ardhi yenyewe, hiyo ni njia nyingine kabisa, ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi: tangazo la nia, uchunguzi wa madai usiofanyika kabla ya siku 30 kupita, tuzo, malipo. Kifungu cha 40 cha Katiba kinataka fidia ya haki, kamili na ya haraka, na kinaruhusu pia kulipwa wanaokaa kwa nia njema bila hati. Msichanganye faili hizi mbili. Neno "fidia" likitajwa ovyo kwenye mkutano wa mpaka, viwanja vitaanza kuuzwa usiku.

Jina

Ushauri wetu: jina na mpaka viwe vifungu viwili tofauti, ikiwezekana matangazo mawili. Ugomvi wa jina una joto, ugomvi wa mpaka una pesa, na ukivifunga kamba moja, kinachoanza kuzama kitakivuta kingine. Mpaka utangulie.

Kwanza tambua ni jina lipi unalolibadilisha. Mahali hapo pana angalau majina matatu: la tangazo la serikali, la orodha ya UNESCO, na la ubao wa barabarani. Gede ndio mfano wenyewe. Wenyeji, shule na stendi ya matatu wanasema Gede. Orodha ya turathi za dunia, mahali hapo palipoingizwa Julai 2024, imeandika Gedi. Wapo pia wanaoshikilia kwamba mji huo zamani ukiitwa Kilimani. Kubadilisha ubao hakubadilishi tangazo, na kubadilisha tangazo hakuigusi orodha ya UNESCO kule Paris.

Jina jipya lijaribiwe kwa maswali machache. Je, lipo kwenye hati, ushairi, nyaraka au vinywa vya watu kabla ya kampeni hii? Linaweza kuandikwa kwa namna moja tu? Amu na Lamu ni mji mmoja. Ukichagua Amu, sema wazi kwamba ndiyo Lamu, usije ukasomeka kama umetangaza mahali papya. Je, linataja sehemu zote zilizoongezwa? Watu wa Shela hawatafurahi kuingizwa ndani ya mpaka na kuachwa nje ya jina, na hilo ni la haki yao. Majina ya watu walio hai, wafadhili na wanasiasa yaacheni.

Kisha kifungu kinachosahauliwa. Marekani mwaka 2018 ilipitisha sheria iliyogeuza eneo la kihistoria la Martin Luther King Jr. mjini Atlanta kuwa hifadhi ya kihistoria ya taifa. Sheria hiyo fupi ilipanua mpaka kwa kutaja ramani maalum, na hekalu la Prince Hall Masonic likapata kuingia; ikabadilisha jina; ikaongeza kwamba kila palipoandikwa jina la zamani pasomwe kama jina jipya. Muundo huo ni wa kuigwa, hata kama kwetu chombo ni tangazo la Waziri. Kwa Kiswahili kingesomeka hivi: "Rejeo lolote kwa jina la zamani katika sheria, ramani, hati, mkataba au kumbukumbu nyingine ya serikali litachukuliwa kuwa rejeo kwa jina jipya." Usipoweka hilo, kila mkataba wa walinzi, kila kibali cha utafiti na kila kesi iliyo wazi inabeba jina la mahali pasipokuwapo tena.

Kuwasikiza watu, na kuweza kuthibitisha

Mahakama za huku zimeshasema mengi kuhusu ushirikishaji. Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi, kwenye kesi ya bandari ya Lamu, ilikuta haki za wavuvi na utamaduni wao zimevunjwa na ikatoa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Juni 2019 leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu ilifutwa na baraza la rufaa la mazingira. Kasoro kubwa ilikuwa kwamba mikutano ilifanywa kabla ripoti ya athari haijakamilika, watu wakaulizwa juu ya kitu ambacho hakijaandikwa. Chukua fundisho hilo kama lilivyo: usiitishe baraza mpaka ramani, jedwali na orodha ya viwanja viwe tayari, na watu wawe wamekaa navyo wiki tatu angalau.

Tangazo hutoka kwa Kiingereza. Andika muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili, pamoja na ramani kubwa yenye majina ya mitaa wanayoyajua watu, ibandikwe Mkunguni mbele ya ngome, kwenye ofisi za wadi, misikitini na gatini. Panga mikutano kwa kalenda ya watu: baada ya alasiri, si Ijumaa adhuhuri, si Ramadhani, si wiki ya Maulidi. Kikao cha wanawake kiwe peke yake, kwa mwandishi mwanamke. Kusi likivuma, usitarajie wa Kizingitini au Kiunga kufika mjini kwa ajili ya mkutano wa saa mbili, wafuateni.

Daftari la mahudhurio liwe na jina, nambari ya kitambulisho, mtaa na sahihi. Maoni yaandikwe kwa maneno ya msemaji. Halafu, na hapa ndipo panapotenganisha kazi ya kweli na maigizo, tengeneza jedwali la safu tatu: alilosema, jibu letu, kilichobadilika kwenye rasimu. Safu ya tatu ikiwa tupu toka juu mpaka chini, hakimu ataiona.

Tangazo, pingamizi, uthibitisho

Faili inayokwenda kwa Waziri kupitia Makavazi iwe na barua ya maombi, tangazo la zamani, jedwali, ramani iliyotiwa sahihi na sovea, orodha ya viwanja na sachi zake, maelezo ya umuhimu wa kila kipande kilichoongezwa, hati za makubaliano na mashirika mengine, na ripoti ya mikutano.

Gazeti hutoka Ijumaa. Siku hiyohiyo soma ukurasa wako neno kwa neno ukilinganisha na rasimu. Kosa likionekana wiki ya kwanza linatengenezwa kwa masahihisho, likionekana mwaka wa pili ni kesi. Nakala ibandikwe mahali penyewe. Pigeni picha zenye tarehe, tena kila wiki, maana nakala huchanika na upepo na mtu atakuja kuapa kwamba hakuona kitu.

Kuanzia hapo ni miezi miwili ya pingamizi. Likitoka Ijumaa tarehe 6 Machi, mlango unafungwa tarehe 6 Mei. Mwenye kupinga aandike nambari ya kiwanja, sababu na anachotaka: kuondolewa kabisa, au mstari kusogezwa kiasi gani. Apeleke nakala mbili, moja igongwe muhuri arudi nayo. Wanaounga mkono nao waandike, maana Waziri husoma kilicho mbele yake.

Kisha Waziri huthibitisha au huondoa tangazo. Sherehe nyingi hufanyika mapema mno: tangazo la kwanza likitoka watu hupika pilau, na la uthibitisho halifuatiliwi na mtu. Mteueni mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu. Sheria ya Nyaraka za Kisheria ya 2013 nayo inataka nyaraka za aina yake ziwasilishwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao baada ya kuchapishwa, la sivyo hupoteza nguvu. Mawakili hubishana kama tangazo la turathi linaingia humo. Msibishane nao, liwasilisheni.

Kwa mahali palipo kwenye orodha ya dunia, serikali hupeleka hatua nyingine UNESCO. Badiliko dogo la mpaka, na hata kuweka au kupanua ukanda wa kinga, hupokewa kufikia tarehe 1 Februari ili lizungumzwe mwaka huo. Badiliko kubwa huhesabiwa kama maombi mapya, nayo ni kazi ya miaka. Ombi la kubadilisha jina hufika miezi 3 kabla ya kikao cha Kamati. Ukikosa Februari kwa wiki moja umekosa mwaka.

Baada ya uthibitisho

Peleka nakala kwa msajili wa ardhi ili kila kiwanja kiandikwe zuio, kwa idara ya mipango ya kaunti ili wasitoe vibali kwa ramani ya zamani, na kwa kila shirika lililotia sahihi. Mnunuzi atakayefanya sachi mwaka ujao alione lile zuio. Asipoliona, atanunua, atajenga, na atakuwa na hoja.

Bikoni ziwe za zege, zifukiwe vizuri, juu pachongwe nambari ileile ya jedwali. Zile za upande wa mchanga ndizo hupotea kwanza. Kila bikoni ipimiwe umbali kutoka kwenye vitu viwili visivyohama, mathalani kona ya msikiti na mdomo wa kisima, na vipimo hivyo viandikwe nyuma ya ramani, ili ikifukiwa na kusi mtu aweze kuichimbua kwa kamba mbili bila kumwita sovea tena.